Guinea Haikuangushwa na Kura ya "Hapana"

Tangu Mali, Burkina Faso na Niger zijitoe rasmi katika jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, ECOWAS, tarehe 29 Januari 2025, mjadala wa kuachana na faranga ya CFA, sarafu ya pamoja iliyoachwa na mkoloni Mfaransa, umepamba moto upya, na karibu kila anayeuingia hukimbilia mfano wa Guinea. Wanaotaka nchi hizo tatu zichape sarafu yao wanamtaja Ahmed Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, aliyemkatalia Jenerali de Gaulle wa Ufaransa mwaka 1958, Waguinea walipoipigia "Hapana" katiba ya kubaki ndani ya jumuiya ya Kifaransa. Wanaozitahadharisha wanamtaja Sékou Touré huyohuyo: tazameni Guinea, wanasema, ilivyobaki maskini juu ya mlima wa boksiti, madini ya kutengenezea aluminiamu. Ajabu ni kwamba pande hizi mbili zinasimulia kisa kimoja. Ufaransa iliadhibu, Guinea ikaanguka. Mmoja anahitimisha kwamba Ufaransa ni dhalimu, mwingine anahitimisha kwamba mwenye akili hathubutu. Hoja yangu ni kwamba kisa chenyewe kina kasoro. Adhabu ilikuwepo na ilikuwa ya makusudi, lakini haielezi miaka 26 ya utawala wa Sékou Touré. Faranga ya Guinea iliuawa Conakry, mji mkuu wake, na maamuzi yaliyofanywa Conakry, mengi yake miaka kadhaa baada ya Wafaransa kufunga mizigo. Asiyelielewa hilo atazishauri vibaya nchi hizo tatu za Saheli, awe anazishangilia au anazitisha.

Tuanze na ile kura. Guinea ilikuwa koloni la Ufaransa tangu mwaka 1891. Almamy, yaani mtawala, Bokar Biro wa nyanda za juu za Futa Djallon alishindwa vitani Porédaka mwaka 1896, na Samory Touré, mtawala mwingine aliyepigana na Wafaransa, akakamatwa Septemba 1898 na kufia uhamishoni Gabon miaka miwili baadaye. Sékou Touré alijitambulisha kuwa kitukuu cha Samory, na nasaba hiyo ilimsaidia sana majukwaani. Lakini nguvu yake halisi haikutoka kwenye nasaba. Ilitoka kwenye vyama vya wafanyakazi. Mgomo mkuu wa mwaka 1953, uliodumu zaidi ya miezi miwili, uliwalazimisha waajiri kupandisha kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 20, na ukamfanya karani huyu wa posta kuwa jina linalojulikana hadi vijijini. Chama chake, PDG (Chama cha Kidemokrasia cha Guinea), kiliundwa mwaka 1947 kama tawi la RDA, chama kilichounganisha makoloni ya Ufaransa barani Afrika, kikajenga kamati kijiji kwa kijiji, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Sheria ya Juni 1956 ilipoyapa makoloni mabaraza ya serikali, PDG ilizoa karibu viti vyote 60 vya bunge la Guinea katika uchaguzi wa Machi 1957. Tarehe 31 Desemba mwaka huo serikali hiyo mpya, bado chini ya bendera ya Ufaransa, ilifuta machifu wa kantoni, yaani wale waliokuwa wakikusanya kodi na kupeleka watu kwenye kazi za shuruti. De Gaulle alipoleta katiba yake miezi tisa baadaye, hakukuwa na chifu wa kuwaamuru watu wapige "Ndiyo".

Jambo hili lina uzito kwa sababu linaondoa dhana kwamba "Hapana" ilikuwa jeuri ya mtu mmoja. Tarehe 25 Agosti 1958, mbele ya de Gaulle mjini Conakry, Sékou Touré alitamka kwamba Waguinea wanapendelea umaskini katika uhuru kuliko utajiri katika utumwa. Sentensi hiyo imekaririwa mno hata watu wamesahau kwamba baada ya hotuba ile bado mlango wa mazungumzo ulikuwa wazi. Alichotaka ni jumuiya ya Kifaransa ambamo haki ya kujitoa ingetambuliwa. Walimu, wanafunzi na vijana wa chama walikuwa wameshachagua "Hapana" kabla yake, na mkutano wa chama uliotangaza msimamo rasmi ulifanyika tarehe 14 Septemba, wiki mbili tu kabla ya kura. Tarehe 28 Septemba asilimia kama 95 ya waliopiga kura walikataa. Niger nako waziri mkuu Djibo Bakary na chama chake cha Sawaba walipiga kampeni ya "Hapana", lakini utawala wa kikoloni ukawaelemea kwa machifu, fedha na wanajeshi, na "Ndiyo" ikatangazwa mshindi. Tofauti ya Niger na Guinea haikuwa ushujaa wa viongozi. Guinea ilikuwa na mtandao wa chama ambao gavana hakuweza kuuzunguka.

Tarehe 2 Oktoba 1958 uhuru ulitangazwa, na hapo ndipo adhabu ilipoanza. Hakuna sababu ya kuipunguza. De Gaulle alikuwa ametamka hadharani kwamba Ufaransa haitaweka kizuizi ila itachukua hatua zinazofuata, na ilizichukua. Maofisa wa utawala, mafundi, madaktari na walimu waliamriwa kuondoka ndani ya wiki chache, na wengi waliondoka na majalada na vifaa vya ofisi zao. Mikopo na misaada ya bajeti ikakatwa. Ufaransa ilichelewa kuitambua serikali mpya, na Guinea ilipoingia Umoja wa Mataifa tarehe 12 Desemba 1958, yenyewe haikupiga kura ya kuunga mkono. Ghana ya Kwame Nkrumah ndiyo iliyonyosha mkono kwa ahadi ya mkopo wa pauni milioni 10, na Umoja wa Kisovyeti ukafuata mwaka 1959. Baadaye idara ya ujasusi ya Ufaransa ilijaribu kuwapa silaha wapinzani wa Futa Djallon, na Novemba 1970 Ureno ilituma wanamaji na Waguinea waliokuwa uhamishoni kuvamia Conakry kutokea baharini. Kwa hiyo anayesema Sékou Touré alikuwa akiota maadui hajasoma historia. Maadui walikuwepo.

Lakini sasa tuingie kwenye sarafu, maana hapo ndipo kisa kinapoachana na hekaya.

Faranga ya CFA iliundwa Desemba 1945. Msingi wake ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: kiwango cha kubadilisha kilichofungwa kwenye faranga ya Ufaransa (leo ni 655.957 kwa yuro moja), dhamana ya Hazina ya Ufaransa kwamba ubadilishaji huo hautakwama, na, kama bei ya dhamana hiyo, akiba ya fedha za kigeni ya nchi zote kuwekwa kwenye akaunti ya pamoja huko Paris. Mageuzi yaliyotangazwa Desemba 2019 yaliondoa sharti la kuweka akiba Paris kwa nchi nane za Afrika Magharibi na kuwatoa wawakilishi wa Ufaransa kwenye vikao vya benki kuu ya pamoja, BCEAO. Kiwango kilichofungwa na dhamana vimebaki. Nchi iliyomo ndani haiwezi kushusha thamani peke yake wala kuiamuru benki kuu iikopeshe inavyotaka. Hayo ni mafungo, na wanaoyaita minyororo wana hoja. Lakini yamefunga pande mbili: yamemfunga mkulima anayeuza pamba kwa sarafu ghali, na yamemfunga pia rais anayetaka kuchapa noti.

Guinea ilitoka humo tarehe 1 Machi 1960. Maandalizi yalifanywa kwa siri na noti zilichapwa Chekoslovakia, zikiwa na tarehe ya uhuru, 2 Oktoba 1958. Faranga mpya ilitangazwa kuwa sawa kwa sawa na faranga ya CFA, yaani karibu 247 kwa dola ya Marekani. Kwa maana ya kiufundi hatua hiyo ilifanyika vizuri kuliko wengi wanavyokubali. Noti zilikuwepo, benki kuu ilikuwepo, watu walibadilisha fedha zao. Ufaransa ilijibu kwa kughushi. Mpango uliojulikana kwa jina la Persil, ambao mkuu wa zamani wa ujasusi wa Ufaransa barani Afrika, Maurice Robert, aliueleza mwenyewe miaka mingi baadaye, uliingiza noti bandia nchini ili watu wapoteze imani na faranga mpya.

Hapa ndipo hoja dhaifu kuliko zote inapojificha: kwamba noti bandia za Persil ndizo zilizoua sarafu ya Guinea. Inavutia kwa sababu ni ya kweli nusu. Noti bandia zilikuwepo na zilileta vurugu. Lakini mwaka 1963 Guinea iliondoa noti zile za Chekoslovakia na kuleta nyingine zilizochapwa Uingereza na kampuni ya Thomas De La Rue, zenye ubora wa juu na ngumu zaidi kughushi. Noti bandia za toleo la kwanza zikawa karatasi tupu. Kama ugonjwa ulikuwa Persil, mgonjwa angepaswa kupata nafuu baada ya 1963. Kinyume chake, ni baada ya 1963 ndipo bei ya soko la magendo ilipozidi kuachana na bei ya benki, bidhaa zikapotea madukani na mpaka ukawa soko kuu la nchi. Mwaka 1972 serikali ikabadilisha sarafu tena, ikaleta sili, moja kwa faranga kumi. Hali haikubadilika.

Sababu iko kwenye tarakimu moja ambayo haitajwi sana. Utawala wa Sékou Touré ulipokwisha na sarafu kurekebishwa Januari 1986, kiwango rasmi cha kubadilisha kilikuwa sili kama 24 kwa dola. Rudisha ile sifuri iliyofutwa mwaka 1972 na utapata faranga 240 hivi, karibu sawasawa na kiwango kilichorithiwa kutoka kwa Wafaransa mwaka 1960. Faranga ya CFA yenyewe, ile iliyodaiwa kuwa mnyororo, ilikuwa imeteremka pamoja na faranga ya Ufaransa hadi wastani wa karibu 450 kwa dola mwaka 1985. Yaani nchi iliyojitoa ili iwe na uhuru wa kupanga thamani ya fedha yake ilikaa robo karne bila kuutumia uhuru huo, huku benki kuu ikichapa noti kufidia upungufu wa bajeti na hasara za mashirika ya umma. Kilichokuwa kimefungwa kilibaki kimefungwa, na kilichopaswa kufungwa kikaachiwa.

Mtu akiuliza tatizo hilo lilimfikiaje mwananchi, ajenge picha ya mkulima wa kahawa wa Macenta au Nzérékoré, upande wa msitu. Serikali inanunua kahawa yake kwa bei rasmi, kwa faranga ambayo haina bidhaa nyuma yake. Akienda duka la serikali hakuna kitambaa, hakuna chumvi ya kutosha, hakuna mafuta ya taa. Ng'ambo ya mpaka wa Liberia fedha ni dola ya Marekani. Ng'ambo ya mpaka wa Ivory Coast ni faranga ya CFA, ambayo dukani inanunua kitu. Kuvuka usiku na gunia kichwani si usaliti wala si hila ya mabeberu, ni hesabu. Wafugaji wa Futa Djallon walifanya hesabu hiyohiyo na ng'ombe wao kuelekea Sierra Leone. Na kila gunia lililovuka lilikuwa dola ambayo benki kuu haikuipata, kwa hiyo bidhaa kutoka nje zikapungua zaidi, kwa hiyo bei rasmi ikawa upuuzi zaidi, kwa hiyo magunia mengi zaidi yakavuka. Ndizi, zilizokuwa fahari ya mauzo ya nje miaka ya 1950, zilipigwa na mambo mengi kwa pamoja: wenye mashamba wa Kifaransa kuondoka, soko lililolindwa la Ufaransa kufungwa, magonjwa ya migomba, na juu ya yote sarafu iliyomfanya muuzaji wa nje alipwe kidogo kuliko haki yake. Wasomaji wa Tanzania wenye umri wa kukumbuka foleni za sabuni na msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983 hawahitaji kuelezwa zaidi mfumo huu unavyokwenda.

Lililoongeza ugonjwa ni biashara ya serikali. Mapema mwaka 1959 iliundwa ofisi ya kusimamia biashara ya nje, mwaka uliofuata ikaja ya biashara ya ndani. Jukumu lake lilikuwa kununua mchele, saruji, nguo na vipuri kutoka nchi zilizokuwa na mkataba wa biashara na Guinea, kuvisafirisha kwa reli ya Conakry hadi Kankan na kwa malori, kuvigawa madukani na kukusanya fedha. Kazi hiyo inahitaji makarani wa ghala, wahasibu, hati za kupokelea mizigo, vipuri vya malori na mtu wa kuamua kama Kankan inahitaji majembe au vyerehani mwezi huu. Guinea ya 1959 ilikuwa na wahasibu wachache mno kwa sababu Ufaransa haikuwa imesomesha wengi, na hilo ni kosa la mkoloni lisilo na mjadala. Lakini kuchagua, mwaka uleule wahasibu wameondoka, kuanzisha mfumo unaohitaji wahasibu kuliko mfumo mwingine wowote, ni uamuzi wa Conakry. Shehena zilioza bandarini. Ofisi ya biashara ya ndani ilivunjwa mwaka 1961 na majukumu yake yakagawanywa kwa mashirika mengi madogo, kila moja likiwa na mkurugenzi wake na mianya yake. Novemba 1964 ikaja sheria kali ya kuwabana wafanyabiashara binafsi, na Februari 1975 biashara binafsi ikapigwa marufuku kabisa katika kampeni iliyoitwa Cheytane, jina la shetani. Polisi wa uchumi wakapewa mamlaka ya kupekua vikapu sokoni.

Upande wa tatu ndio wa giza zaidi. Ili sarafu isimame lazima awepo mtu mwenye cheo anayeweza kumwambia rais kwamba fedha hakuna, na kesho yake awe bado hai. Novemba 1961 walimu walidai masilahi yao, viongozi wa chama chao wakafungwa kwa uhaini na balozi wa Kisovyeti akafukuzwa kwa kudaiwa kuhusika. Mwaka 1965 mfanyabiashara mmoja aliyejaribu kusajili chama cha upinzani, jambo lililoruhusiwa na katiba, alikamatwa na njama mpya ikatangazwa. Keita Fodéba, mwasisi wa Ballets Africains na waziri wa mambo ya ndani wa serikali iliyofuta machifu, alikamatwa mwaka 1969 na hakutoka hai. Baada ya uvamizi wa Novemba 1970, ambao ulikuwa wa kweli, msako ulivuka mbali na wavamizi. Alfajiri ya tarehe 25 Januari 1971 watu wanne walinyongwa kwenye daraja mjini Conakry na miili yao kuachwa ionekane. Mmoja wao alikuwa Ousmane Baldé, aliyekuwa waziri wa fedha. Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1964 hadi 1972, alirudi nyumbani kuitumikia nchi akapewa Wizara ya Sheria, akakamatwa Julai 1976 na kufa Machi 1977 katika kambi ya gereza ya Boiro, Conakry, kwa kunyimwa chakula na maji. Katika mazingira hayo hakuna gavana wa benki kuu atakayeandika barua ya kukataa kuchapa noti. Na waliokuwa na elimu ya kuandika barua kama hiyo walikuwa Dakar, Abidjan na Paris. Kwa makadirio ya kawaida Waguinea zaidi ya milioni moja waliishi nje ya nchi kufikia mwisho wa utawala huo, katika taifa la watu kama milioni tano.

Kwa nini basi serikali haikuanguka mapema? Jibu ni boksiti, na jibu hili linawaudhi washabiki wa pande zote. Kiwanda cha Fria cha alumina, unga unaotengenezwa kwa boksiti, cha kwanza cha aina yake Afrika, kilianza kazi mwaka 1960, mwaka uleule wa kuikana CFA. Wamiliki wake walikuwa makampuni ya Marekani, Ufaransa, Uingereza, Uswisi na Ujerumani. Sékou Touré, aliyetaifisha hadi maduka ya rejareja, hakukigusa hadi mwaka 1973, na hata hapo alichukua asilimia 49 tu. Mwaka 1963 iliundwa Compagnie des Bauxites de Guinée, serikali asilimia 49 na muungano wa makampuni ya Magharibi asilimia 51, na mwaka 1973 meli za kwanza zikapakia mzigo wa mgodi wa Sangarédi kwenye bandari mpya ya Kamsar. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 boksiti na alumina vilileta zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni. Mapinduzi yalihubiriwa redioni na kulipiwa na Pittsburgh, mji wa makampuni ya aluminiamu ya Marekani. Silisemi hili kwa kejeli, maana lina maana kubwa ya kisiasa: serikali inayopata dola zake kwenye reli moja na gati moja haimhitaji mkulima, na isiyomhitaji mkulima inaweza kumlipa karatasi kwa miaka 20 bila kuporomoka.

Waliomaliza uvumilivu ni wanawake wa sokoni. Tarehe 27 Agosti 1977, katika soko la M'Balia mjini Conakry, lililopewa jina la mwanamke wa PDG aliyeuawa katika harakati za mwaka 1955, polisi wa uchumi waliwakorofisha wachuuzi kwa mara nyingi kupita kiasi. Wanawake wakaandamana hadi ikulu. Machafuko yakaenea miji mingine na baadhi ya magavana wa mikoa wakauawa. Sékou Touré aliyewahi kusimama juu ya mabega ya wanawake hao mwaka 1958 alilazimika kuwavunja polisi wa uchumi na kuanza kulegeza marufuku ya biashara. Hawakuwa mawakala wa Ufaransa, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imesharudisha uhusiano wa kibalozi, Julai 1975. Walitaka kuuza samaki.

Sasa nigeukie upande wa pili, wanaosema Guinea ni uthibitisho kwamba kutoka CFA ni kujinyonga. Hoja yao bora ni Mali. Mali haikupiga "Hapana" mwaka 1958 na haikung'olewa vifaa vya ofisi, lakini ilipoleta faranga yake Julai 1962 ilipita njia hiyohiyo: mashirika ya umma yenye hasara, noti za kufidia, wafanyabiashara wa Bamako kuandamana na viongozi wao kufungwa. Mwaka 1967 thamani ikashushwa kwa nusu, na mwaka 1984 nchi ikarudi CFA kwa faranga mbili za Mali kwa moja ya CFA. Ni kweli, na inaunga mkono ninachosema: adhabu ya Ufaransa haikuhitajika ili matokeo yawe yaleyale. Lakini haithibitishi kwamba kutoka ndiko kulikoua. Mauritania ilitoka mwaka 1973, ikaleta ugiya moja kwa faranga tano za CFA, ikiwa na msaada wa nchi za Kiarabu na madini ya chuma, na sarafu hiyo ipo hadi leo bila kusimuliwa kama msiba. Na huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania zilivunja bodi ya sarafu ya kikoloni mwaka 1966, kila moja ikafungua benki kuu yake, na matatizo ya shilingi yaliyokuja baadaye yalitofautiana nchi kwa nchi kulingana na nani aliiendeshaje. Kutoka si muujiza wala si laana. Ni kazi ya kitaasisi.

Kazi hiyo kwa nchi za Saheli ni ngumu kuliko ilivyokuwa kwa Guinea, kwa sababu ambazo hazina uhusiano na ujasiri. Zote tatu hazina bahari, na bidhaa zao hupita Abidjan, Dakar na Lomé, miji inayotumia CFA. Hazina zao zimeuza hati fungani kwenye soko la kanda, na wenye hati hizo ni benki za Abidjan na Dakar zinazotaka kulipwa kwa CFA. Akiba ya fedha za kigeni imechanganywa BCEAO, na kuigawa ni mazungumzo ya miaka, si hotuba. Zikileta sarafu moja ya watatu, itabidi zikubaliane ni nani anayekataa kuchapa noti Niger ikiwa na upungufu na Mali ikiwa na vita. Hadi sasa zote tatu bado zinatumia CFA, na hata mtaji wa benki yao ya uwekezaji umepangwa kwa CFA, bilioni 500. Sioni aibu katika hilo. Aibu ingekuwa kukurupuka.

Swali la kuwauliza viongozi wa Bamako, Ouagadougou na Niamey, kwa hiyo, si kama wanaiogopa Ufaransa. Ni kama rasimu ya sheria ya benki kuu itachapishwa kabla ya noti. Zamani BCEAO iliziruhusu serikali kukopa kwake hadi asilimia 20 ya mapato ya kodi ya mwaka uliotangulia, kisha ikafunga mlango huo. Sarafu mpya itaweka kikomo gani, na nani atakilinda dhidi ya rais mwenye bunduki na vita vya kugharimia? Gavana ataondolewa kwa utaratibu gani? Kiwango cha kubadilisha kitapitiwa na nani, na mara ngapi, ili kisigande kama kile cha Guinea? Dhahabu, inayoshangiliwa kama dhamana, itahesabiwa na mkaguzi yupi? Haya ni maswali makavu na hayajazi uwanja wa mpira, lakini mnyonge wa Macenta aliumizwa na kukosekana kwa majibu yake.

Guinea yenyewe inatoa somo la pili hivi sasa. Sékou Touré alifariki hospitalini Cleveland, Marekani, tarehe 26 Machi 1984, na wiki moja baadaye jeshi likachukua nchi. Desemba 1985 benki zote sita za serikali zilifungwa, na Januari 1986 faranga ikarudi, dola ikipanda kutoka sili 24 hadi faranga zaidi ya 300 karibu kwa siku moja. Tangu wakati huo nchi imekuwa na sarafu yake, dhaifu lakini yake. Mamadi Doumbouya, aliyepindua serikali Septemba 2021, aliupa uwanja wa ndege wa Conakry jina la Ahmed Sékou Touré miezi michache baadaye. Septemba 2025 ilipigiwa kura katiba iliyorefusha muhula wa urais hadi miaka saba na kumfungulia yeye njia ya kugombea, na Novemba mwaka huo mgodi wa chuma wa Simandou ukazinduliwa, wenye reli ya zaidi ya kilomita 600 hadi pwani na hisa ya asilimia 15 ya serikali. Reli moja tena, gati moja tena. Kamsar ilileta dola kwa serikali ambayo haikuwajibika kwa mtu yeyote, na wananchi hawakuona hesabu. Mikataba ya Simandou itakapoanza kulipa kwa ukamilifu, jambo la kwanza la kutazama Conakry ni kama malipo hayo yanaingia kwenye bajeti inayosomwa bungeni mstari kwa mstari, au kwenye akaunti ambayo funguo zake ziko ikulu.